Mgeni wa Harusi ya Kwao

Mejumaa akisikia nimeyasimulia haya, atanuna siku mbili, na ya tatu ataniletea sahani ya kaimati. Namjua. Nimemshonea nguo miaka ishirini, na mtu ukimpima kiuno miaka ishirini hana tena la kukuficha.

Mimi naitwa Mbodze. Cherehani yangu iko barazani kwenye nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, kando ya kichochoro ambacho mikokoteni miwili ikikutana lazima mmoja urudi ulikotoka. Wanawake wote wa mtaa hupita mbele yangu. Mimi huwaangalia nguo kwanza, sura baadaye, ndiyo kazi yenyewe. Najua nani amenenepa kabla mumewe hajajua.

Basi huyo Mejumaa ni mrefu, mwembamba, shingo ya kuvalia mkufu. Mumewe, Chonga, ni karani wa ghala huko Shimanzi, mtu mpole mwenye mashati mawili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Mejumaa ana masanduku mawili na kabati la milango mitatu, na mlango wa tatu haufungiki. Hapa kwetu nguo ya harusi ukishaonekana nayo mara moja, imekufa. Si sheria ya dini wala ya serikali, ni sheria ya wanawake, na hiyo haina rufaa. Sisi wengine huikwepa kwa hila. Tunabadilisha ukosi, tunaongeza lesi, tunaivaa tena kwenye harusi ya upande wa pili wa mji na kuomba Mungu tusikutane na mwenye macho. Mejumaa hakuwa mtu wa hila. Kila harusi nguo mpya, na zikija harusi mbili wiki moja, nguo mbili. Posa ikipelekwa tu mtaani, hata kabla haijajibiwa, yeye keshafika barazani kwangu na kitambaa kwapani.

"Bi Mbodze, nataka mikono ya puto."

"Mwezi uliopita si ulisema mikono ya puto ni ya washamba?"

"Huo ulikuwa mwezi uliopita."

Nami namshonea. Nitafanyaje, na mimi nakula kwa uzi.

Lakini msimcheke bado. Ngojeni niwaambie kazi ya kwanza aliyoniletea, maana bila hiyo mtadhani ni mwanamke mpumbavu, na mpumbavu siye. Mamake alifariki mwaka wa sabini na nane, na babake alikuwa ametangulia zamani. Mejumaa alikuwa na miaka kumi na tisa, hajaolewa, akaachiwa mdogo wake wa miaka sita, Saumu. Akawa anaamka alfajiri kupika mahamri, anauza mlangoni, mchana anafua nguo za watu. Ilipokaribia Idd alikuja kwangu na gauni lake moja la maana, la maua, alilonunuliwa na mamake. Akaliweka juu ya cherehani akasema, "Kata. Mshonee mtoto."

Nikamuuliza, "Na wewe Idd utavaa nini?"

"Mimi nina leso."

Nilikata. Kikatoka kigauni cha marinda, na kipande kilichobaki nikafanya utepe wa nywele. Saumu alizunguka mtaa mzima siku ile akijigeuza ili marinda yafunguke, na dadake nyuma yake kajifunga leso mbili, anacheka. Miaka sita baada ya hapo sikumshonea Mejumaa hata kamba ya kanzu. Kila alicholeta kilikuwa cha Saumu, sare za shule, nguo za chuo cha Kurani, sketi ya kurefushwa. Na Chonga alipoleta posa, Mejumaa alimjibu wazi kwamba yeye ana mtoto na anakwenda naye. Chonga akasema nyumba ina chumba.

Kwa hiyo alipoanza mambo yake ya magauni nilimcheka, lakini sikumkaripia. Mtu aliyefunga siku nyingi akifungua, mwache ale. Tatizo ni kwamba huyu alifungua, akala, akala na daku, na bado akawa anatazama sahani za wenzake.

Mwaka wa tisini na sita Saumu akaposwa na Tsofa, kijana fundi wa umeme, mtaratibu kama Saumu mwenyewe, maana Saumu ni mtu wa sauti ya chini, alikuwa akifundisha watoto wa chekechea. Mnajua desturi yetu ya sare. Wanawake wa nyumba ya bibi harusi huvaa kitambaa kimoja, kila mtu na mshono wake, na mgeni akiingia anajua papo hapo nani wa nyumba na nani kaja kula. Kwa kawaida mashangazi ndio huchagua, na huchagua kwa ugomvi. Safari hii Saumu alisema atachagua mwenyewe. Alizunguka maduka wiki tatu peke yake, akakipata alichokitaka kwa Kulsumbai, Biashara Street, kwenye rafu ya juu kabisa ambako hata Kulsumbai alikuwa amekisahau. Kilikuwa cha njano, chenye vijiua vya kahawia. Nikaletewa nishone nguo arubaini, na moja ikiwa yangu. Mimi si ndugu yao kwa damu, wao ni wa msikitini na mimi ni wa kanisani, lakini walinihesabu.

Mejumaa alikikuta kitambaa mezani kwangu. Alikishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo sare?"

"Ndiyo."

"Bi Mbodze, hii ni rangi ya ndizi iliyosahaulika mfukoni."

"Bibi harusi ndiye aliyechagua."

"Saumu hajui nguo," akasema kwa huzuni. "Nimemlea vizuri kila upande. Hapo tu ndipo niliposhindwa."

Sasa sikilizeni vizuri. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki chumbani peke yake siku ya kupambwa. Mamake humshika mkono wa kulia, akamtoa mbele ya wanawake, akampeleka mpaka kwenye kiti chake. Ni hatua kumi na mbili hivi, kutegemea na uwanja. Saumu hakuwa na mama, na tangu ana miaka sita alikuwa akisema, "Siku yangu, dada ndiye atakayenitoa." Mejumaa aliingojea siku hiyo miaka kumi na minane. Sizungumzii pilau wala ngoma, nazungumzia hatua zile kumi na mbili. Na kwa sababu alizitaka sana, ndipo akaona haiwezekani azipige amevaa ndizi. Wanawake wote wa Mombasa watamtazama, mama mlezi, aliyebeba nyumba. Avae kama watu wengine arubaini?

Akaenda kwa Kulsumbai yeye naye. Akatoka na gauni la Dubai, mahameli ya zambarau, mabega yametiwa sponji, ushanga kuanzia kifuani mpaka chini. "Moja tu hii," Kulsumbai alimwambia. "Ya pili huipati Mombasa." Na kwa haki yake, Kulsumbai aliongeza kwamba nguo ile imeshonewa nyumba zenye hewa ya baridi. Mejumaa akajibu kwamba atajipepea.

Chonga alipoiona alizunguka kitanda mara moja, akauliza, "Inakaa?"

"Inakaa nini?"

"Mtu akiivaa, anaweza kukaa?"

Mejumaa hakumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa hapana.

Saumu alikuja kwangu wiki ile ya harusi. Aliona kipande cha njano cha dadake bado kimekunjwa. Nikamwambia ukweli, kwamba Mejumaa hataki sare.

"Amekiona kitambaa?"

"Amekiona."

"Amekiangalia vizuri?"

"Kwa macho yote mawili, mwanangu, na ulimi juu yake."

Akasema haya, akaondoka. Mimi nikadhani anasikitikia sare tu, kama bibi harusi yeyote.

Siku ya kupambwa ilikuwa Jumamosi, alasiri, kwenye uwanja wa ndani wa nyumba kubwa ya jirani. Bibi harusi alitakiwa atoke kabla ya adhana ya magharibi, maana baada ya hapo bwana harusi anaingia, na bwana harusi haingii bibi harusi akiwa hajakalia kiti. Na kulikuwa na amri mpya. Kwenye harusi ya binamu yao wageni walijisukuma mpaka chumbani kumwona bibi harusi kabla ya wakati, mmoja akamwegemea, hina ikaharibika mpaka kiwikoni. Kwa hiyo safari hii somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, alimweka mlangoni mwanamke anayeitwa Jacinta. Jacinta anauza vitunguu Marikiti, hubeba gunia mwenyewe, na kwenye ule ukoo hakuwa akimjua mtu. Ndiyo sababu alichaguliwa. Aliambiwa neno moja. Mwenye njano apite, asiye na njano akae, hata akija na barua.

Mejumaa alikuwa pale tangu alfajiri, amesimamia masufuria ya pilau, na adhuhuri akarudi kwake kujipamba. Jacinta akafika baada yake. Walipishana hivyo.

Zipu ya gauni ilifungwa na Chonga na majirani wawili. Alipofika kwenye harusi na kuvua buibui, uwanja mzima ulivuta pumzi. "Mashallah, Mejumaa." "Mashallah, hii umeipata wapi?" Alipita katikati yao polepole, si kwa maringo tu, ule uzito wa ushanga haukumruhusu zaidi. Kila alichokitaka alikipata pale, na kilichukua kama dakika tatu. Kisha akafika kwenye mlango wa chumba.

"Karibu mama," Jacinta akasema. "Wageni wanakaa kule kwenye viti."

"Mimi si mgeni. Mimi ndiye mwenye harusi."

Jacinta akamtazama kutoka mabegani mpaka ushanga wa mwisho. "Wenye harusi wamevaa njano."

"Mimi dadake bibi harusi."

"Wewe ni dada wa nne leo," Jacinta akasema bila ubaya. "Kaa mama, unaletewa kinywaji."

Angeweza kupiga kelele. Lakini ndani wanawake walikuwa wanaimba vugo na kugonga pembe, asingesikika, na nje macho ya wageni mia yalikuwa mgongoni kwake, yale yale aliyoyataka. Awaambie nini? Kwamba amefungiwa mlango kwa nduguye? Alicheka kidogo kama mtu aliyetaniwa, akageuka, akaenda kwenye viti. Kukaa hawezi. Akasimama ukutani, karibu na pipa la maji, na msichana wa sinia akamletea sahani.

Mimi nilikuwa ndani, nimepiga magoti namalizia pindo la bibi harusi. Saumu amefunikwa shela, mikono imejaa hina, na kila nikivuta uzi ananiuliza, "Dada amefika?" Nikamwambia anakuja. Akauliza tena. Somo akatazama saa, akasema wakati unakwenda, shangazi mkubwa atamtoa.

"Sitoki," Saumu akasema.

Alisema kwa sauti ile ile ya kufundishia watoto. Shangazi akambembeleza, watu wanangoja, mwanangu, na magharibi hii hapa.

"Nitangoja na mimi."

Bibi harusi asipotoka kwa wakati, maneno yake hayaishi mwaka mzima, watasema amelazimishwa, watasema ana mtu mwingine. Somo akaanza kuomba dua kwa mnong'ono. Mimi nikachukua boksi langu la pini, nikasema natafuta uzi, nikatoka kumtafuta Mejumaa.

Nilimkuta kwenye pipa. Jasho limemlowesha, wanja umeshuka mpaka mashavuni, na sahani ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Nitasema ukweli, nilicheka kwanza.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaribishwa," akasema. "Nimepewa sambusa mbili, Bi Mbodze. Wageni wanapewa mbili." Akaitazama sahani. "Nimeambiwa wenye harusi wamevaa njano."

Kicheko kiliniisha. Niliona uchungu hasa, maana kwa sekunde ile alikuwa yule msichana wa miaka kumi na tisa mbele ya cherehani yangu.

"Ameshatoka?" akauliza. "Nani kamtoa?"

"Hajatoka. Kasema bila wewe hatoki."

Hapo akalia, na kulia na gauni lile nako ni kazi, kifua hakina pa kupandia. Nikamwambia twende, nitazungumza na Jacinta, atatupisha. Akakataa.

"Sitaki kuingizwa. Nataka kuingia."

"Basi vua."

"Nivue nini?"

"Vua lako, nami nivue langu. Haraka, magharibi haimngoji mtu."

Tukaingia stoo ya makaa. Zipu iliyofungwa na watu watatu niliifungua kwa meno na dua za Kikristo. Mimi ni mfupi na Mungu amenijaza, yeye ni mrefu na amesahaulika kujazwa, kwa hiyo nilimkusanya kwa pini kiunoni, na chini hakukuwa na la kufanya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu ilisitiri hayo vizuri tu, ikashindwa na miundi. Mimi nami nikajitia kwenye zambarau, nusu ya mgongo ikabaki nje, nikajifunga leso juu.

Jacinta aliiona njano ikija, akasogea. Kisha akautazama uso. "Si ungevaa tangu mwanzo, mama," akasema, akampisha. Nikamfuata nyuma, akaninyooshea mkono kifuani.

"Wageni wanakaa kule."

Mlango uliachwa wazi, kwa hiyo niliona yote pembeni mwa bega lake.

Mejumaa alisimama mbele ya nduguye, pini zimejaa, miundi nje, wanja usoni. "Nisamehe," akasema. "Nilitaka nikutoe kwa heshima."

Saumu aliinua shela yake mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, na somo hakuthubutu kusema. Akaushika upindo wa sare kwa ncha za vidole, hina isiguse.

"Dada, hujaikumbuka?"

"Nini?"

"Gauni langu la Idd. Lile lililokuwa lako." Alikuwa anatabasamu na machozi yanashuka. "Nimetafuta wiki tatu. Siyo yenyewe hasa, yale maua yalikuwa madogo zaidi. Nilitaka kila mtu wa nyumba yetu avae ile nguo uliyonipa."

Mejumaa aliitazama nguo aliyovaa, akalitazama tumbo lake, mikono yake, maua ya kahawia juu ya njano. Kisha akakaa chini sakafuni pale pale, miguuni kwa Saumu. Na ile sare, tofauti na ile nyingine, ilimruhusu kukaa.

Na mimi je? Mimi fundi, niliyelikata gauni lile kwa mkasi wangu, nikashona arubaini za mfano wake kwa mwezi mzima, jicho langu kwenye yale maua asubuhi na jioni, sikuona. Mtaani wananiita bingwa wa vitambaa. Nilisimama nyuma ya muuza vitunguu na mahameli ya mtu mwingine mwilini, nikaona haya.

Walitoka. Mejumaa alimshika mkono wa kulia, wakapiga zile hatua, na nilizihesabu, zilikuwa kumi na nne. Wageni waliona miundi, bila shaka waliona, na mmoja nyuma yangu akauliza yule wa zambarau amekwenda wapi. Mwenzake akamwambia, "Si huyu hapa." Wakanitazama, wakanyamaza kwa adabu. Mejumaa hakutazama upande wowote. Saumu alikalia kiti, na adhana ikaanza tunampangia shela.

Msidhani alitubu. Mwezi uliofuata alikuja na kitambaa kwapani, na mikono ya puto ilikuwa imerudi. Lakini gauni la Dubai hakulidai, liko kwangu mpaka leo, nimelikata likawa mito minne. Na sare yangu hakuirudisha. Nikimuuliza alikuwa akisema iko kwenye maji ya sabuni, na ikakaa kwenye sabuni miaka miwili.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Idd, alikuja nayo. Saumu ana binti sasa, anatembea kwa kushika viti. Mejumaa aliiweka juu ya cherehani yangu, imepigwa pasi.

"Kata. Mshonee mtoto."

"Hii sare ni yangu," nikamwambia.

"Kavae mito yako."

"Na wewe Idd utavaa nini, na makabati yako yote hayo?"

Aliufuta upindo kwa kiganja, polepole, kama unaoumwa. "Mimi nina leso," akasema.

Nikachukua mkasi. Safari hii nilikiangalia kitambaa vizuri kabla sijakata.